Kiti cha Mbebaji

1

Mdomo wangu mimi siuwezi. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa mdomo kwanza, mwili ukafuata baadaye ukihema. Kwa hiyo mkisikia kwamba Skolastika Ngonyani, nesi wa ganzi, mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja, aliwekwa uzi puani abebe maumivu ya Mhehe asiyemjua, msiulize sana ilikuwaje. Ilikuwa mdomo.

Ilikuwa Jumapili, saa tano asubuhi. Nilikuwa napitia wagonjwa wa upasuaji wa kesho yake katika wodi yetu, kule juu ambako ukiacha dirisha wazi ukungu wa mashamba ya chai unaingia hadi kwenye korido. Vitanda sita, na ubavuni mwa kila kitanda kiti kipana cha kuegemea, chenye blanketi. Hicho ndicho kiti cha mbebaji, yule anayechukua maumivu ya mgonjwa. Vitano vilikuwa na watu. Kitanda cha pili mume na dada wawili walikuwa wanagombana kabisa nani akae, kila mmoja anadai yeye ndiye anayempenda mgonjwa zaidi, na mgonjwa mwenyewe amefumba macho akijifanya amelala.

Kitanda cha sita alikaa mwanamume mrefu, mkavu, aliyepita sitini kidogo, amejifunika shuka aliyokuja nayo kutoka kwake. Kwenye kiti chake kulikuwa na begi.

"Habari za hapa, mzee."

"Nzuri, sista."

"Mbebaji wako yuko wapi?"

"Huyo hapo." Akalionyesha begi kwa kidevu.

Nikasoma fomu. Athanasio Mdemu. Kazi, mpima miti katika misitu ya misonobari. Ugonjwa, uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, umeanza kubana mishipa ya macho. Upasuaji kupitia puani. Mke, amefariki. Watoto, hakuna. Mbebaji, mstari mtupu.

"Mzee Mdemu, hawakukueleza? Daktari atapita puani mpaka chini ya ubongo. Ukizinduka pua imejaa pamba, na nyuma ya macho panagonga siku nne. Dawa kali hapa hatuna, unajua zilivyotumalizia vijana hadi zikapigwa marufuku. Vidonge vilivyobaki ni vya mtu aliyejikwaa."

"Nimeelezwa. Nitavumilia."

"Utavumilia nini? Wewe Mhehe, sivyo?"

"Kabisa." Akanitazama jina kifuani, taratibu, maana macho yake yalikuwa yanaona kama kupitia kwenye bomba. "Na wewe, kwa hilo jina, ni mla panya."

Wodi nzima ikacheka. Hata yule aliyejifanya amelala alicheka. Wasiojua mila zetu wangedhani tumetukanana, lakini Mngoni na Mhehe ni watani tangu vita vya mababu, na mtani akikuanza huwezi kunyamaza, utaonekana mgonjwa.

"Ndiyo maana huna mbebaji," nikamwambia. "Mmekula mbwa wote wa kijijini, hata wa kukusindikiza hakubaki. Haya, lete hayo maumivu yako nikubebee mimi. Nitayatia kwenye tenga niyapeleke Songea tukayachome kwa mkaa. Wahehe si ndiyo zenu, mnakimbia, mizigo tunabaki nayo sisi."

Hapo ukutani Karani akakohoa. Karani ni mashine inayosikiliza ridhaa za wagonjwa na ndugu zao, inazungumza Kiswahili cha taarifa ya habari, na sijui nani aliyeona ni vyema kuifundisha kukohoa.

"Je, unajitolea kuwa mbebaji wa Athanasio Mdemu?"

"Kuna mwingine unayemwona hapa?" nikamjibu, bado nacheka. "Ni mimi."

"Una uhusiano gani na mgonjwa?"

"Mtani wake wa jadi, tangu mababu zake walipoonja mikuki yetu."

"Imepokelewa. Mtani wa jadi anatambuliwa na kifungu cha tisa. Mbebaji amesajiliwa."

Wodi ikacheka tena. Safari hii mimi sikucheka. Kifungu cha tisa nilikuwa nimekisahau. Sheria inasema mbebaji awe mzazi, mtoto, ndugu wa damu au mwenzi wa ndoa, kwa sababu mwanzoni watu walishikiwa bakora wabebe maumivu ya wakubwa. Lakini walioitunga walikuwa Watanzania, wakakumbuka kwamba msibani mtani ndiye anayechimba kaburi, anapika, na kumtania mfiwa mpaka acheke bila kupenda. Wakaona naye awemo. Miaka kumi na miwili hakuna aliyekitumia.

Mzaha mzaha hutunga usaha.

2

Ridhaa hufutwa kwa neno moja kabla uzi haujawashwa. Nilimweleza hivyo mwenyewe Daktari Luvanda mchana ule, ofisini kwake, kana kwamba yeye ndiye asiyejua. Luvanda ni kijana, mpole, mikono yake inafanya kazi vizuri kuliko mdomo wake.

"Basi futa, Sista Skola," akasema. "Ukikaa kwenye kile kiti nitakosa mtu wa ganzi siku nne. Nitalazimika kuomba mtu kutoka mjini."

"Na yeye?"

"Atavumilia. Wapo waliovumilia."

Walikuwepo, ndiyo. Mmoja alikuwa dada yangu.

Ditrika alipasuliwa hapa hapa, miaka miwili iliyopita, uvimbe wa namna hii hii. Mfanyakazi anaruhusiwa kumbebea ndugu yake akiomba likizo. Sikuomba. Tulikuwa wachache, orodha ya upasuaji ilikuwa ndefu, nikamwambia dada yangu, wewe ni Mngoni bwana, utakaza. Alikaza. Siku nne nilikuwa napita kitandani kwake kati ya mgonjwa na mgonjwa, naye ananitazama tu huku ameuma kona ya khanga. Hakunilaumu hata siku moja. Uvimbe ukarudi, mwaka jana tukamzika Namtumbo, na siku ya tatu nilikuwa nimesharudi kazini. Sikulia. Watu walisema Skola ni chuma. Nikaacha waseme, maana sikuwa na maelezo mengine.

Sasa nambieni. Mtu aliyemnyima dada yake wa tumbo moja, ana haki gani ya kumbebea mpita njia? Nilikaa na swali hilo mchana kutwa. Nikifuta, Mhehe anaungua siku nne kwa sababu ya mstari mtupu kwenye fomu. Nisipofuta, ni kama namwambia Ditrika kaburini kwamba nafasi ilikuwepo, likizo ilikuwepo, kilichokosekana ni mimi kutaka. Nilimkasirikia yule mzee kwa kuja na begi.

Saa kumi na moja jioni nikaenda kufuta. Nilikuwa nimeyapanga maneno.

"Najua ulikuwa unatania," Mzee Mdemu akasema kabla sijafungua mdomo. "Hii mashine ya ukutani haina kwao. Kafute, Mngoni, sitakudai."

Nikataka kusema ahsante. Ndipo nikakiona kiti. Begi lilikuwa limeshuka chini, mvunguni. Blanketi la kiti lilikuwa limekung'utwa na kukunjwa vizuri pembeni, na juu ya ule mkono wa kiti ulioraruka alikuwa ametandika taulo yake.

"Nilikifuta vumbi tu," akasema, akitazama dirishani.

Nikamwuliza kama ameshakula. Akasema ameshakula. Nikamwambia asile wala kunywa chochote baada ya saa sita usiku, nikaondoka, na neno la kufuta nikaondoka nalo.

3

Nyuma ya pua, ndani kabisa, pana kishimo kidogo, na ndani yake pana fundo la neva lisilozidi punje ya mtama. Maumivu mengi ya pua, ya paji la uso na ya nyuma ya macho yanapita hapo. Daktari akimaliza upasuaji, kabla hajatoa vyombo vyake, analaza uzi juu ya fundo hilo, mwembamba kuliko unywele wa hindi bichi. Uzi wa pili anawekewa mbebaji, macho yakiwa wazi, baada ya kupuliziwa ganzi kidogo. Nyuzi zikiwashwa, ule wa mgonjwa unameza maumivu na ule wa mbebaji unayatapika.

Hayo nilikuwa nayaeleza kwa ndugu wa wagonjwa kila wiki. Nikawa nawaambia pia sehemu inayowatia moyo: ubongo wa mbebaji unatafuta jeraha na haulioni, kwa hiyo huchoka kulalamika. Siku nne za mgonjwa kwa mbebaji ni kama siku moja, halafu yanafifia. Nilikuwa nasema, "Ni kama mafua makali." Miaka kumi na miwili nimesema hivyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi.

Jumatatu saa sita mchana Luvanda akawasha nyuzi zetu, na kitu kikanisimamia katikati ya macho kama nimepigwa na ubao. Nilishika mikono ya kiti. Nikasikia mtu ananguruma, nikagundua ni mimi.

"Sista," Mzee Mdemu akaita. Sauti yake ilikuwa ya puani kwa sababu ya pamba. "Sista, mbona sisikii kitu?"

"Nyamaza," nikamwambia.

"Wamenipasua kweli?"

"Mhehe, nakuomba, nyamaza."

Uzi haufiki mbali. Mwisho wake hatua kumi. Saa nane nililazimika kwenda chooni, mwisho wa korido, na nilipovuka mlango wa wodi maumivu yalikatika kama taa. Ah, raha niliyoisikia. Nikasimama pale nimeegemea ukuta. Halafu nikamsikia yeye huko nyuma akivuta pumzi kwa meno. Nilikwenda chooni mbio na kurudi mbio, mtu mzima na gauni la hospitali likipepea nyuma. Tangu hapo nikapunguza kunywa maji.

Jioni yalilegea kidogo tukaweza kuongea. Akaniambia habari za kazi yake. Mpima miti anazungusha utepe kwenye shina, usawa wa kifua, anataja namba kwa sauti, na karani wake anaandika. Miaka thelathini na moja. Halafu zikaja mashine zinazopita juu na kupima msitu mzima kabla chai haijapoa, karani wake akahamishwa, yeye akaachwa awe anahakiki miti michache michache.

"Na namba unamtajia nani?"

"Naitaja tu."

"Peke yako msituni?"

"Naitaja kwa sauti, nasubiri kidogo kama vile kuna anayeandika, halafu naenda mti mwingine." Akajivutia shuka. "Usinicheke."

Mtani anaruhusiwa kucheka, ni haki yake kabisa, lakini haikunijia. Nikamsimulia habari za nyumba yangu ya watumishi, kwamba kuna meza ya watu wanne na kiti kimoja tu ndicho kimechakaa. Halafu, sijui ilikuwaje, nikamsimulia kuhusu Ditrika. Na ile khanga, na kwamba sikuomba likizo. Hakuna aliyekuwa amewahi kuisikia hiyo kutoka kinywani mwangu.

"Alikuwa mkubwa wako?" akauliza.

"Mkubwa wangu. Ndiye aliyenibeba mgongoni."

Hakusema pole. Alisema, "Wangoni mna migongo mipana," na kwa namna fulani ilikuwa sawasawa.

4

Jumanne nilipoamka kitini maumivu yalikuwa yamepungua mno, yamebaki uzito tu kwenye paji la uso. Nikajisemea, naam, ndivyo vitabu vinavyosema, ubongo umechoka kutafuta jeraha. Luvanda alipopita akamwuliza mgonjwa, "Kuna maumivu?" Mzee Mdemu akasema, "Hakuna, daktari." Akaniuliza mimi, nikasema yanafifia. Akaridhika, akaenda.

Saa kumi ndiyo saa ya wageni. Mlango ukafunguliwa, wakaingia watu na chupa za chai, hotpoti za ndizi, watoto wa kuvuliwa viatu. Kitanda cha kwanza binti alikuwa anamlisha mama yake uji kwa kijiko, anampulizia, anamfuta mdomo. Dada mtu wa kitanda cha pili alikuwa amepanda kitandani kabisa, amelala ubavuni mwa mwenzake, wanasemezana na kucheka wamefunikwa khanga moja.

Machozi yakaanza kunitoka.

Sikushangaa. Ni jambo tunalolijua. Lile fundo nyuma ya pua ndilo linaloamrisha machozi pia, kwa hiyo uzi unayahamisha pamoja na maumivu. Mgonjwa akitaka kulia, macho yake yanabaki makavu na mbebaji ndiye anayelowa. Tunawaambia ndugu waje na leso.

Lakini haya hayakuwa ya kufuta kwa leso moja. Yalikuja na kwikwi. Nikageukia dirisha nikajifunika blanketi, nikawa nasema moyoni, masikini Mhehe wa watu, kumbe una haya yote. Nilipomchungulia alikuwa amelala chali, uso umekakamaa, macho makavu yakitazama dari. Nikaelewa. Anawaona wenzake na watu wao, naye hana. Kwa miaka mingapi amekuwa akiyameza?

Nikawa na siri yake mkononi na sikujua niifanye nini. Mbebaji anajua kitu ambacho mgonjwa hakumwambia, na hakuna kifungu kinachosema ana haki ya kukijua. Nikimwambia "nimekusikia ukilia," nimemvua nguo. Nikinyamaza, anadhani yuko peke yake na kilio chake wakati niko hapa hapa nakilia kwa niaba yake. Kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Hapa wa mbali ndiye aliyekuwa analia, na mfiwa katulia.

Nilinyamaza. Jumatano, saa kumi, yakaja tena, marefu zaidi. Na niseme ukweli, siku hiyo niliyangoja. Tangu Namtumbo sikuwa nimelia, na nikaona ni afadhali hata nikilia ya mtu mwingine. Kifua kilikuwa chepesi baadaye. Niliwaza kwamba huenda hii ndiyo njia yangu ya kumlipa dada, kumlilia Mhehe. Nikamhurumia sana yule mzee jioni ile, nikamtania kuliko siku zote, nikamwambia misonobari yake yote ni mifupi kwa sababu inapimwa na Mhehe. Alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Alikuwa anatoka jasho juu ya mdomo nami nikamfungulia dirisha nikidhani ni joto.

Nesi wa ganzi, miaka ishirini na sita kazini, nikamfungulia dirisha.

5

Alhamisi asubuhi ndiyo siku ya kutoa nyuzi. Luvanda alitoa wangu kwanza, kwenye chumba cha pili, akauweka kwenye sahani na kuusoma. Halafu akausoma tena.

"Sista, hebu njoo uangalie."

Kioo cha chombo chake kilikuwa na mistari miwili. Wa juu, wa maumivu, ulikuwa umepanda na kushuka kama mlima siku ya Jumatatu, halafu Jumanne, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, ukawa bapa. Bapa hadi mwisho.

"Uzi wa mgonjwa umekatika mawasiliano tangu Jumanne," akasema. "Haukutuma kitu chochote. Huku upande wako kulikuwa kutupu."

"Haiwezekani. Nimelia jana."

"Ndiyo ninayotaka kuuliza." Akaonyesha mstari wa chini. "Jumanne saa kumi, kwa dakika ishirini na tano. Jana saa kumi, kwa dakika arobaini. Machozi. Haya ni ya nani?"

"Chombo chako kibovu."

"Nimekipima mara mbili, Sista Skola."

Alisema taratibu na alikuwa ananitazama kwa huruma, nikamchukia. Niliinuka, nikatoka bila hata kuvaa viatu.

Mzee Mdemu alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mito. Sasa nilimtazama kwa macho ya kazi, ambayo siku zote nne nilikuwa nimeyaweka kando. Taya limebana. Kope zinapepesa kwa kukwepa mwanga. Vidole vimekunja shuka hadi vimekuwa vyeupe kwenye ncha. Yote yalikuwa wazi, hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angeyaona.

"Tangu Jumanne?" nikamwuliza.

Hakujifanya haelewi. "Nilipiga chafya. Wewe ulikuwa umelala. Uzi ulipenya kando ya pamba, ukatoka na donge la damu, nikaufunga kwenye karatasi nikautupa."

"Na maumivu?"

"Yapo."

"Jana? Nilipokuwa nakusimulia upuuzi wangu wa mbwa na misonobari?"

"Yalikuwepo."

"Mzee Mdemu, ile ni kazi yangu. Ndiyo kazi pekee ninayoijua. Nimekaa mkono mmoja kutoka kwako siku mbili nzima nimestarehe kwenye kiti na wewe unaungua. Ungeniita tu. Ungesema sista, uzi umetoka. Kwa nini hukusema?"

Alikitazama kiti. Taulo yake bado ilikuwa pale kwenye ule mkono ulioraruka.

"Ningesema ungeinuka," akasema.

Mtu alikuwa amechagua kichwa chake kipasuke siku mbili ili Mngoni asiyemjua aendelee kukaa pale na kuropoka. Na huyo Mngoni alikuwa amejisifu moyoni kwamba anabeba.

Nikamrudia Luvanda, nikamwambia aandike kwamba uzi ulitoka kwa chafya na nesi hakuona. Akasema siku hizo sikuwa nesi, nilikuwa mbebaji. Nikamwambia aandike nesi hakuona. Uzi mwingine haukuwezekana, jeraha lilikuwa limeanza kufunga. Nikamwomba ruhusa ya kufanya ganzi ya pamba.

"Ile ya zamani?" akauliza. "Bado unaikumbuka?"

Niliikumbuka. Kabla ya nyuzi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Kijiti kirefu chenye pamba nchani, kimeloweshwa dawa ya ganzi ya kawaida, kinapita sakafuni mwa pua hadi nyuma kabisa, karibu na lile fundo, na mtu anakishika hapo dakika kumi. Inafanya kazi saa nne, tano ukibahatika, halafu unarudia. Tuliiacha kwa sababu inahitaji mtu wa kurudi kila mara, na watu hatukuwa nao. Luvanda akamtoa Mzee Mdemu pamba za puani, akamchungulia kwa kamera yake, akasema upande wa kulia tu, na nisisukume.

Nilivuta kiti karibu. Nikamshika kidevu, nikapitisha kijiti taratibu hadi kiliposimama chenyewe.

"Sasa usiongee dakika kumi. Najua kwa Mhehe ni adhabu."

Akafumba macho. Dakika kumi ni nyingi ukiwa umeshika kijiti puani mwa mtu. Ya tatu au ya nne nikaona taya linaanza kulegea. Vidole vikaachia shuka, kimoja kimoja.

"Nilidhani ni yako," nikasema.

Akafumbua macho.

"Machozi. Juzi na jana, saa ya wageni. Nilikuwa nalia nikijua ni wewe unayelia. Nikakuonea huruma wee. Nikakaa kimya nisikuaibishe."

Hakuweza kujibu kwa sababu ya kijiti. Alinitazama tu kwa yale macho yaliyopona, ambayo sasa yalikuwa yananiona mzima mzima, na akatikisa kichwa kidogo sana, kushoto na kulia, kwa uangalifu. Hapana. Hakuwa amelia.

"Najua," nikamwambia. "Nimeshaambiwa."

Ilipotimia dakika ya kumi nikakitoa kijiti. Nikamwuliza kama inauma. Akasubiri kidogo kama anayesikiliza, akasema haiumi. Nikamwambia nitarudi saa nane kurudia, halafu saa moja jioni, halafu tutaona.

"Na saa kumi?" akauliza.

"Saa kumi si saa ya ganzi."

"Ni saa ya wageni," akasema. "Mimi sina. Na wewe naona huna pa kwenda."

Nilitaka kumjibu kitu kikali kuhusu Wahehe na adabu zao. Kilikuwepo, kilikuwa tayari kabisa mdomoni. Badala yake nikakaa tena kwenye kiti, maana machozi yalikuwa yameanza kunitoka, asubuhi ile ile, mbele ya watu, na safari hii sikuwa na wa kumsingizia.